Wanandoa wenu wa Lisbon walipita chini ya dhahabu ya Kilwa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, na gazeti lenu nalisoma tangu enzi lilipokuwa likifika kwetu na basi, limeshakunjwa na kusomwa na kondakta. Sijawahi kuwaandikia. Mmekosea majina ya vijiji vyetu, nimenyamaza. Mmechapa picha ya Mtwara mkasema ni Lindi, nimenyamaza. Lakini ile makala ya wanandoa wawili walioshinda Lisbon kutwa nzima wakila na kupiga picha imenishinda, hasa kwa kuwa niliikata kwa mkasi, nikaitia kwenye pochi na kuifuata. Mwanetu anayefanya kazi Uholanzi alitulipia safari, mimi na Baba Zuhura, tukasema hii ndiyo itatuongoza.

Nianze na miguu. Waandishi wenu wanasema asubuhi walipanda ngome ya São Jorge, mchana wakashuka Baixa, mitaa ya chini katikati ya mji, kula, halafu wakaenda Belém kwa “matembezi mafupi kando ya mto”, na jioni wakarudi Alfama, mtaa wa kale chini ya ngome, kusikiliza fado, zile nyimbo za huzuni za Wareno. Mto upo, Tejo, hilo ni kweli. Ufupi ndio haupo. Kutoka katikati ya mji mpaka Belém ni kilomita sita na ushei, na wenyeji hupanda tramu namba 15. Ile ya manjano, namba 28, ambayo wao “waliirukia” tu, sisi tuliikuta Martim Moniz na foleni imezunguka kituo, na tulipofanikiwa kuingia tukakuta tangazo la kuonya abiria juu ya wachomoaji. Hilo wenzetu hawakuliona. Baba Zuhura alisafiri njia nzima mkono mmoja kwenye bomba, wa pili mfukoni, na mji hakuuona.

Sasa chakula. Mgahawa wenyewe siutaji. Uko katika mojawapo ya ile mitaa iliyonyooka ya Baixa, iliyopangwa upya baada ya tetemeko la Novemba 1, 1755. Tumekaa, hata pumzi hazijashuka, mhudumu akaweka mezani mkate, zeituni, vijikopo viwili vya siagi na kipande cha jibini. Hatujaagiza kitu. Kwetu pwani mgeni huwekewa chochote kabla ya kuulizwa shida yake, na makala yenu ilishatuambia kwamba ukarimu wa Lisbon ndio huo, mkate na zeituni huja vyenyewe. Baba Zuhura, aliyekuwa na njaa ya kupanda ngome, akashukuru, akapiga bismillahi, akaanza na zeituni. Ikaja ile supu mliyoisifia, caldo verde, “supu ya mboga isiyomkataza mtu yeyote”. Kweli ni viazi vilivyopondwa na majani jamii ya sukuma wiki, yamekatwa nyembamba sana, rangi yake inavutia. Lakini katikati ya bakuli langu kilikuwa kinaelea kipande cha duara, chekundu, na mafuta yake yameanza kuchora viduara vya rangi ya chungwa juu ya ule ukijani. “Mama Zuhura, hicho nini?” “Sijui, Baba Zuhura, lakini usiguse.” Nikamwita mhudumu. Akasema chouriço. Alipoona hatuelewi, akakunja pua na kukoroma kama nguruwe, kwa sauti, meza ya jirani wakacheka. Mhariri, nusu ya wasomaji wenu wanatoka pwani. Hamkuona haja ya kuongeza maneno mawili, kwamba caldo verde kwa kawaida huwekwa soseji ya nguruwe? Bili ikaja: mkate umehesabiwa kwa kichwa, zeituni mstari wake, siagi mstari wake, jibini mstari wake, na supu mbili ambazo hakuna aliyeonja. Tukalipa, tukaondoka na njaa. Usiku mwanetu akatueleza kwenye simu kwamba kwa sheria ya Ureno vitu vile vya mwanzo, kama hukuviagiza na hukuvigusa, huwezi kulipishwa. Na jibini tuliiacha kama ilivyokuja. Tena kila mgahawa nchini humo unalazimika kuwa na kitabu cha malalamiko chenye jalada jekundu, na mteja akikiomba apewe hapo hapo. Hayo ndiyo mambo ya kumwambia msafiri. Badala yake tuliambiwa jinsi jua lilivyokuwa likizama.

Haya ya tumbo ningeyameza. Kilichonishikisha kalamu ni Belém.

Wanandoa wenu wametumia aya nne nzima kwa keki za Pastéis de Belém. Ni tamu, sibishi. Zinauzwa pale tangu 1837, unaletewa za moto, unazinyunyizia mdalasini na sukari ya unga, na ukiuma tu ganda linakumwagikia kifuani. Kisha wakaingia monasteri ya Jerónimos, wakapiga picha kando ya kaburi la mawe la Vasco da Gama, wakamwita baharia aliyeifungua njia ya Mashariki. Alimfungulia nani? Watu wa Kilwa, Mombasa na Malindi walikuwa wakienda Uarabuni na Bara Hindi na kurudi kwa kaskazi na kusi kabla babu yake hajazaliwa, na rubani wa kumvusha mwaka 1498 alimpata huku huku kwetu, Malindi. Mwaka 1502 bwana huyo alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, akaondoka na kodi ya dhahabu. Dhahabu ile, iliyokuwa imetoka bara ikapitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilifikishwa kwa Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno, naye akaamuru itengenezwe monstransi, kile chombo ambamo Wakatoliki huiweka Ekaristi ili waumini waiabudu. Kazi yenyewe inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente, na ilikamilika 1506. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja na sura yake na nguo zake za rangi, na chini, pembezoni mwa kitako, yamezungushwa maandishi kwamba mfalme aliagiza kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kilwa, Ndugu Mhariri! Jina limo, kwa tahajia yao ya kale, limezungushwa kwenye dhahabu yenyewe. Na kulipa hakukutusaidia kitu, maana mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na merikebu zake akauteka na kuupora mji ule ule uliokwishatoa kodi, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Mfalme aliiusia monstransi kwa monasteri hiyo hiyo ya Jerónimos waliyopigia picha wenzetu. Leo iko Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes, juu ya kilima, na tramu namba 15 inapita chini yake. Kwa hiyo wawe walikwenda kwa tramu au kwa hayo matembezi yao mafupi, walipita pale. Mimi nimezaliwa Kilwa Kivinje, nimefundisha historia Kilwa Masoko, nimevusha watoto kwa mashua kwenda kisiwani kuwaonyesha lile jumba la masultani, Husuni Kubwa, na Msikiti Mkuu, na walipokuwa wakiniuliza dhahabu ya Kilwa ilikwenda wapi, jibu langu lilikuwa “ilichukuliwa”. Sasa najua mpaka chumba ilimo. Nilisimama mbele ya kile kioo hadi mlinzi akaanza kutuzunguka. Baba Zuhura, ambaye si mtu wa maneno mengi, akauliza, “Hii ndiyo yetu?” Nikamwambia hii ndiyo.

Tena kwenda kuitazama ni kwa gharama. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Taarifa ya benki, barua ya mwaliko, na cheti cha ndoa, ili ithibitike kwamba huyu mzee niliyezaa naye na kulea naye wajukuu kweli ni mume wangu. Cheti chetu cha nikaha kimeliwa na mchwa pembeni, ikabidi tufuatilie kingine. Kijana wa dirishani, ambaye ningeweza kuwa nilimfundisha mama yake, aliniuliza nina sababu gani ya kurudi nyumbani. Nikamwambia nina mikorosho, na msimu uko karibu. Akaandika. Wanandoa wenu wao wanasema walikata tiketi Ijumaa, Jumamosi wakawa Lisbon. Kwa pasipoti ya nchi gani? Gazeti halisemi, na msomaji wa Nachingwea anabaki akidhani ni yeye mzembe.

Sitaki radhi ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, chini ya matangazo ya vifo. Nunueni daftari moja kubwa, mlivike jalada jekundu, mliweke mapokezi, na msomaji yeyote aliyeifuata makala yenu akapotea apewe aandike, kama wanavyofanya hao hao Wareno. Na hao wanandoa, kabla hawajalipwa posho ya safari nyingine, warudishwe Lisbon, wasimame mbele ya ile monstransi bila simu mkononi, wanakili maandishi ya kitakoni kwa kalamu, herufi kwa herufi, wanitumie. Nitasahihisha mwenyewe. Wakipata vema zote, waende wakale keki. Ila wasiende Jumatatu, siku hiyo makumbusho hufungwa.

Mama Zuhura,
Kilwa Masoko