Mdogo wangu, Mama hakufa kwa kukosa imani

Mdogo wangu,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, na shangazi ameniambia umeapa hukanyagi Bagamoyo mpaka nikuombe radhi. Basi nakuandikia hapa, maana najua hapa unapita. Wengine watakaosoma wanisamehe. Uliyoyasema uliyasema mbele za watu, na mimi nakujibu mbele za watu.

Kwanza salamu. Baba hajambo, presha imetulia. Asubuhi anatoka kukaa barazani na mzee mwenzake wa nyumba ya pili, wanazungumza habari za bahari. Anakuuliza. Pikipiki ikisimama nje, anainua kichwa.

Sasa nije kwenye lile. Siku ya tatu ya matanga, chakula kimekwisha, akina mama wameshaanza kukunja mikeka. Ukainuka, ukachukua kipaza sauti kwa katekista. Ulianza vizuri mno. Ulisimulia Mama alivyokuwa akituamsha alfajiri tukamsaidie kupokea samaki mnadani, watu wakalia, na mimi nikalia. Halafu ukasema: "Mama angesimama kwenye imani, leo tungekuwa naye." Ukaongeza kwamba alitamkiwa neno la uponyaji akalidharau, akachagua mionzi.

Wewe uliwatazama watu. Mimi nilimtazama Baba. Mkononi alikuwa na rozari ya Mama, ile ya mbao iliyokatika akaiunga mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Alikuwa ameshika punje moja kwa kidole gumba, anaisugua, anaisugua, hasogei kwenye inayofuata. Jirani yetu Bi Mkubwa, Mwislamu wa watu aliyeamka usiku kuwapikia uji wageni wetu, akainamisha kichwa akasema polepole, "Subhanallah." Hapo ndipo nilipokuja kukunyang'anya kipaza. Ndiyo, mbele ya mchungaji wako uliyekuja naye kutoka Dar. Na ningekunyang'anya tena.

Unasema nimekudhalilisha. Mdogo wangu, ulikuwa unakuja Jumamosi na chupa za maji ya upako, unaweka mikono, unaondoka jioni. Usiku hukuwepo. Wanajumuiya walikuwepo. Walipeana zamu ya kumwogesha na kumgeuza ili asitoke vidonda, na Alhamisi jumuiya ilikuja kusali chumbani kwake kwa sababu yeye hakuweza tena kutoka. Siku za Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, tulitoka na basi la kwanza, nimembebea mto wake chini ya kwapa ili akalie pale kwenye benchi. Hapo kwenye benchi aliniambia, "Mwanangu, simlazimishi Mungu aniponye. Namwomba asiniache." Aliyasema hayo huku anammenyea chungwa mgonjwa mwenzake ambaye hatukumjua hata jina. Kama hiyo si imani, sijui wewe unaitafuta ipi.

Unaijua Biblia kuliko mimi, tangu shule ya Jumapili. Basi nifafanulie. Mtume Paulo, ambaye hata vitambaa vilivyogusa mwili wake viliponya watu, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Imo kwenye barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4. Hakuandika kwamba Trofimo ana imani haba. Timotheo mwenyewe alikuwa na tumbo linalomsumbua mara kwa mara, na Paulo akamwambia atumie mvinyo kidogo. Luka aliyeandika Injili anaitwa tabibu mpendwa. Tangu lini kwenda kwa daktari kukawa kumkana Yesu?

Na wale rafiki za Ayubu. Walipokuja walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkuu mno. Hapo walikuwa rafiki kweli. Walipofungua vinywa kumweleza kwamba lazima lipo kosa alilolifanya, wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika. Hii nakuomba uisome tena taratibu, sura ya 42.

Kumbuka Mama alivyokuwa akitupeleka Misheni, tunapita chini ya miembe mpaka makaburini. Wale mapadri na mabruda na masista waliokuja tangu 1868, wengine waliondoka na homa wakiwa bado vijana kabisa. Walisali asubuhi, mchana na jioni. Walikomboa watu sokoni kwa watumwa. Utasimama juu ya makaburi yale uwaambie hawakuamini vya kutosha? Na Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, ambaye watumishi wake akina Chuma na Susi walimbeba miezi mingi kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mwili wake ukalazwa pale kwenye mnara wa kanisa la Misheni mwaka 1874, yeye alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa anaomba, na alikufa.

Mimi faraja yangu naipata kwingine kabisa. Naipata pale Bethania, Yesu anajua anakwenda kumfufua Lazaro, na bado, kabla ya yote, analia machozi. Hakumwambia Martha ajikaze. Naipata kwenye Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na hakuna aliyeiondoa kwenye Biblia kwa kuwa inakatisha tamaa. Usiku ninaposhindwa kusali kwa maneno yangu, naisoma hiyo, nalala. Tumaini la ufufuko ninalo, nalisema kila Jumapili kwenye Nasadiki, lakini halinizuii kumlilia mama yangu.

Wewe hujalia. Tangu mazishi, mbali na pale kwenye kipaza, sijakuona ukilia. Nadhani unaogopa. Kama Mama amekufa kwa imani haba, basi wewe mwenye imani kubwa uko salama, na wanao wako salama. Naelewa kwa nini mtu angependa iwe hivyo. Lakini hilo umeliweka juu ya mgongo wa Mama, na hayupo wa kujitetea. Ndiyo maana nilisimama. Nani mwingine angesimama? Baba hakuweza. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyemfumba macho, na radhi ya jambo hilo sitaiomba.

Ila mlango haukufungwa. Mama alikuita babu kwa sababu umebeba jina la baba yake, na mpaka siku ya mwisho kabisa aliuliza kama babu amekula. Hakuwahi kukulaumu kwa maji yale. Aliyanywa, yote, ili usijisikie vibaya.

Misa ya kumbukumbu ni tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, asubuhi. Njoo jana yake ulale nyumbani, kitanda chako kipo. Ukitaka kusali kwa namna yenu, sali, Baba hatakukataza wala mimi. Ila usimtaje Mama kama mfano wa kitu chochote. Fundi ameshapewa kazi ya kaburi. Kwenye sementi nimekutolea na fungu lako, usinirudishie. Unachodaiwa ni maandishi ya kwenye msalaba: Baba anataka uyachague wewe, na fundi anayasubiri.

Dada yako