Athman, mzuie Shee asikubali kosa

Malindi, Jumapili usiku

Sahibu yangu Athman,

Assalaam alaykum. Huku wazima, kaskazi inavuma na samaki hashikiki bei. Salamu ndefu nitakuletea mwenyewe.

Nakuandikia kwa ajili ya Shee. Kwamba ameshikwa najua umesikia, habari za mji huu hufika Mombasa kabla ya basi. Usilolijua ni kwamba wiki hii anasomewa mashtaka na ameamua kusema "ni kweli", alipe faini yaishe. Sababu yake ni mamake. Bi Mwanaisha ameambiwa ni kesi ya bima, na Shee anahofu kesi ikivutana mama atakuja mahakamani na thermosi ya chai, akae mbele, asikie mwenyewe neno ulevi.

Kunywa alikunywa. Simtetei, na nimemfokea hadi sauti imenikauka. Alipitia kwa Kahindi akapiga mboko wa mnazi, akawasha gari funda la mwisho halijashuka vizuri, na kizuizi kilikuwa palepale mbele. Akapulizishwa alkoblo, ile mashine ya kupima pombe kwenye pumzi: 0.38. Mpaka ni 0.35, miligramu kwa lita ya pumzi. Sasa wewe uliyekaa ofisi ya wakili miaka yote hiyo, si ndiwe uliyenieleza kwamba pombe ikiwa bado kinywani mashine hupima kinywa badala ya damu, ndiyo maana mtu hungojwa dakika 15 hivi kabla ya kupuliza? Shee hakungojwa hata afute jasho.

Halafu ile hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2017. Madereva wa stendi wanaapa kwamba majaji waliharamisha alkoblo. Hawakusema hivyo! Walisema kanuni za 2011 zilimtia mtu hatiani kwa kupita kiwango tu, ilhali kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinataka awe amelewa hata hawezi kulimudu gari. Basi namba ni ushahidi, lakini peke yake haitoshi. Shee alisimama aliposimamishwa, akatoa leseni, akajibu alichoulizwa. Hati ya mashtaka nimeisoma: namba, na namba tena. Gari kuyumba hakuna, ulimi mzito hakuna.

Na kikaratasi chenyewe kilichotoka kwenye mashine, yakhe! Alikitupa juu ya dashibodi, na jua hili. Jana nimekishika kimekuwa kijivu, 3 inaonekana, 8 imebaki kivuli. Namwambia hiki ni kielelezo, kiweke pazuri, anacheka. Ile nakala ya askari nayo sijui imelala wapi. Na mashine ilikaguliwa lini? Cheti chake kiko wapi? Hayo yote akisema "ni kweli" hakuna atakayeyauliza.

Eti faini ndogo. Kifungu hicho kinafika shilingi 100,000, au miaka 2 ndani, au vyote viwili. Na tajiri gani atamkabidhi matatu baada ya hapo? Angalikuwa amegonga mtoto wa watu nisingalishika kalamu, wallahi, ningalimwacha aende akajibu. Lakini kukiri jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha, ili mama asijue... na mama atajua tu, Malindi hii.

Mimi hanisikii. Wewe anakuogopa kidogo. Utampigia kabla ya Jumatano? Akikana, si atapata dhamana kama alivyopata kituoni? Katiba si inampa haki ya kuonyeshwa ushahidi mapema, au lazima aombe mwenyewe? Kuna kanuni nyingine zilizotoka tangu ile hukumu? Wakili wako anachukua kiasi gani kwa kesi ya Malindi, na anakubali kulipwa kidogo kidogo? Na wewe utakuja lini, au nimpakie Shee basi la alfajiri nimlete hapo ofisini?

Nduguyo,
Bakari