Msiwaambie wasomaji watumbukize nyaya kwenye chungu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kukeneka mafuta ya kunukia kwa umeme, yaani kuyatoa kwenye majani kwa mvuke na kisha kuupoza, nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, maana ndiyo kazi ninayoifanya na dada yangu mwaka wa tisa sasa: yeye na majani yake na viungo vyake, mimi na nyaya. Mara ya pili nilishikwa na hofu. Aya ya mwisho inamwambia msomaji atie chumvi kwenye maji, atumbukize nyaya mbili kutoka kwenye soketi ya ukutani, kisha angoje maji yachemke. Yatachemka, sikatai. Ila atakayegusa sufuria au bomba wakati huo anaweza kufa palepale.

Njia yenyewe ni ya kweli. Umeme ukipita katika maji, ukinzani wa maji, yaani jinsi yanavyouzuia, huugeuza kuwa joto. James Joule alilieleza jambo hilo tangu 1841. Joto linazuka ndani ya mchanganyiko wote kwa pamoja, halisubiri kupenya kutoka kwenye chuma. Mwaka 2012 watafiti wa Iran walichapisha matokeo yao ya kukeneka thaimu kwa namna hiyo: kazi iliisha kwa dakika 25 hivi, ilhali njia ya kawaida ilitaka karibu saa nzima. Walipoyatazama majani kwa hadubini, waliona vifuko vya mafuta vimepasuka kwa ghafla.

Lakini kifaa cha kazi hiyo ni kitu kingine kabisa. Kinataka chombo kisichopitisha umeme, elektrodi, yaani vipande vinavyoingiza umeme majini, za titani au za chuma kisichoshika kutu, na kidhibiti cha volti. Maji ya chumvi kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyopitisha umeme zaidi, kwa hiyo mkondo unazidi kupanda wenyewe. Nyaya tupu za shaba nazo zinalika, na shaba hiyo inaishia kwenye maji mnayochemshia majani.

Sisi tunatumia koili, yaani chuma cha kupashia maji kinachokaa ndani ya mtungi, na hata koili ina adabu yake. Mtungi wetu ni wa lita 40, koili mbili, kila moja kilowati 3, waya wa ardhi umefungwa kwenye mwili wa mtungi. Mwaka wa kwanza tulimwaga mrehani ndani bila kizuizi. Majani yalizama, yakalala juu ya koili, yakaungua. Mafuta yalitoka yakinuka moshi, na bomba lilibaki na harufu ile mikeneko mitatu iliyofuata. Dada alinyamaza siku nzima. Majani yale aliyachuma mwenyewe alfajiri. Tangu hapo majani yanakaa juu ya sahani ya matundu, mbali na koili, na mvuke ndio unaoyafuata.

Makala yenu pia inasifu themostati, kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichokiweka. Kwa kazi hii haitoshi, na nitaeleza kwa nini. Maji yakishachemka hubaki kwenye nyuzi 100 hivi, uyape umeme kidogo au mwingi. Ukiiweka themostati kwenye 95, inakata kabla mvuke haujaanza kazi. Ukiiweka kwenye 110, haitakata mpaka maji yakauke na koili iwe nyekundu. Kinachopaswa kudhibitiwa ni nguvu ya koili, kwa sababu ndiyo inayoamua mvuke utoke kwa kasi gani. Koili zetu mbili zina swichi mbalimbali: zote mbili za kuchemshia, moja ya kukenekea. Na kipo kifaa cha kukata umeme maji yakipungua. Hicho msikiache.

Wengine huniuliza kwa nini tusipandishe joto zaidi kwa karafuu, kwani yujenoli (eugenol), ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake, huchemka kwenye nyuzi 254. Hakuna haja. Maji na mafuta hayachanganyiki, na kila kimoja kinachangia mvuke wake, kwa hiyo vinapanda pamoja kabla hata ya kufika 100. Hapo ndipo ninapoupenda ukenekaji kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Unayapata mafuta bila kuyaunguza. Mafuta ya karafuu kisha yanazama chini ya maji, tofauti na ya thaimu yanayoelea, na anayeanza asipojua hayo atayamwaga akidhani ni maji matupu.

Kuhusu kuokoa umeme, mmeahidi mno. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunataka yuniti 0.63, joto litoke kwenye koili au kwenye elektrodi. Koili moja ya kilowati 3 haiwezi kutoa hata lita tano kwa saa. Anayeokoa ni yule anayefupisha muda, anayefunika mtungi vizuri joto lisipotee, na mwenye maji baridi ya kutosha kwenye bomba la kupoozea mvuke usitoroke na mafuta.

Naomba toleo lijalo liiondoe aya ile ya nyaya, tena kwa maandishi makubwa kama yale mliyoitangazia makala yenyewe. Mwandishi wenu akitaka kuona, milango iko wazi. Jumamosi dada anakeneka makonyo ya karafuu, na nitamwonyesha waya wa ardhi unapofungwa.

Wenu,
Fundi umeme na mkenekaji