KUH: Malalamiko juu ya kiwanja cha ufukweni kilichoondolewa bahari

Meneja,
Kitengo cha Mauzo ya Ardhi na Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Hii ni mara ya tatu nawaandikia kuhusu suala hili, na mara ya kwanza kwa barua rasmi, kwa kuwa malalamiko mawili niliyoyatuma kupitia fomu yenu ya msaada yalifungwa kabla sijapata jibu linalogusa jambo lenyewe.

Miezi saba iliyopita nilinunua kwenu kiwanja cha mita za mraba 1,024, yaani mita 32 kwa mita 32, katika dunia yenu ya mtandaoni. Kwenye orodha ya mauzo kiliwekwa katika kundi la "ufukweni, maji ya kudumu", na bei yake ilizidi mara mbili bei ya kiwanja cha ukubwa uleule kilicho nyuma yake. Naomba jambo hilo lizingatiwe tangu mwanzo, maana viwanja hivyo viwili vinaruhusiwa idadi ileile ya vitu vya kujengea, vinalipiwa ada ileile ya kila mwezi na vinahudumiwa na seva ileile. Kinachovitofautisha ni maji tu. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya fedha nilizowalipa ilikuwa bei ya maji.

Wiki sita zilizopita, bila taarifa yoyote, bahari iliyokuwa mbele yangu iligeuzwa nchi kavu, ikakatwa viwanja vinane, na vyote vikauzwa, tena kwa jina lilelile la viwanja vya ufukweni. Nilipoingia jioni ile, avata yangu, yaani umbo linaloniwakilisha humo, ilitokea mahali pake pa kawaida, kwenye ncha ya gati la mbao nililolijenga ubao kwa ubao, nikiuzungusha kila ubao digrii moja au mbili ili lisionekane limetoka kiwandani. Chini ya gati palikuwa na mchanga mkavu. Mashua yangu ilikuwa imefukiwa nusu, tanga likiendelea kupepea kama kawaida, kwa sababu programu inayolipepesha haiangalii kama chini kuna maji au hakuna. Sauti ya mawimbi, ambayo niliinunua kando, nayo ilikuwa ikiendelea kuvuma mbele ya ukuta wa jirani mpya, uliosimama mita nne kutoka mwisho wa gati. Jirani huyo simlaumu, maana naye kauziwa kama nilivyouziwa mimi, na sidhani kama ameambiwa kwamba bahari iliyo mbele yake inaweza kukatwa viwanja vilevile.

Katika jibu la kwanza mlisema kwamba bahari si sehemu ya kiwanja changu na kwamba ninamiliki kilicho ndani ya mipaka tu. Kuhusu mipaka sina ubishi, ila naomba mnieleze ile nyongeza ya bei ilikuwa ya nini. Kabla ya kulipa nilimuuliza mhudumu wenu wa mauzo, kwa maandishi, kama eneo la mbele litauzwa siku za usoni, naye akajibu: "Hapo mbele hapauzwi." Swali hilo sikuliuliza kwa bahati. Wanunuzi wa ardhi za namna hii wanajua kutofautisha maji yaliyolindwa, ambayo kampuni imeyabakiza mikononi mwake ili yasiuzwe, na maji ambayo kwa kweli ni kiwanja cha mtu kilichofunikwa, ambacho mwenyewe anaweza kukijaza kesho asubuhi. Mimi niliuziwa maji ya aina ya kwanza.

Jibu la pili lilidai kwamba mabadiliko ya mandhari ni kawaida ya dunia inayokua. Pwani ya kweli inaweza kujaa matope au kuliwa na mawimbi pasipo mtu wa kumshika, lakini bahari yenu haina bamvua wala kusi. Katika dunia hizi maji ni kimo tu: katika Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003 na ambayo eneo lake moja ni mita 256 kwa mita 256, kimo cha kawaida cha maji ni mita 20, na ardhi yoyote iliyo chini ya hapo huonekana imefunikwa. Dunia yenu inafanya kazi kwa namna hiyohiyo. Kwa maneno mengine, kuna mfanyakazi wenu aliyebadilisha kimo cha sakafu ya bahari mbele ya nyumba yangu, na alifanya hivyo kwa idhini ya mtu.

Mmenielekeza pia kwenye masharti ya matumizi, yanayowapa haki ya kubadilisha chochote wakati wowote na yanayonilazimisha kupeleka mgogoro kwenye usuluhishi mliouchagua ninyi. Nawakumbusha kwamba mwaka 2007, katika shauri la mteja aitwaye Bragg dhidi ya Linden Research, kampuni yenye Second Life, lililohusu ardhi ya mtandaoni, mahakama ya shirikisho ya Pennsylvania nchini Marekani ilikataa kumlazimisha mteja aende kwenye usuluhishi wa namna hiyo, kwa kuona kwamba masharti yenyewe yalimwelemea mno. Shauri lile hatimaye liliisha kwa makubaliano, na sidai kwamba linawafunga ninyi. Nalitaja ili isichukuliwe kwamba kubofya "Nakubali" kumemaliza mazungumzo.

Kwa kuwa viwanja vile vinane vimeshapata wenyewe, siombi wafukuzwe. Naomba nipewe kiwanja kingine cha ukubwa huohuo, chenye mita 32 zinazogusa maji yaliyolindwa, na mafundi wenu wanihamishie nyumba na gati bila kuharibu mpangilio wake. Hilo lisipowezekana, nirudishiwe tofauti ya bei kati ya kiwanja cha ufukweni na cha nyuma yake, pamoja na ada nilizolipa tangu bahari ilipoondolewa. Marejesho hayo yawe fedha halisi, kwa njia ileile niliyolipia, kwani sarafu yenu ya ndani hainunui kitu nje ya milango yenu.

Nimeambatanisha risiti, mazungumzo na mhudumu wa mauzo, na picha za skrini za kabla na baada. Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 14. Ada ya mwezi nitaendelea kuilipa ili kiwanja kisichukuliwe kwa kisingizio cha deni, ila malipo hayo yasihesabiwe kuwa nimeridhika. Mashua nimeiacha palepale ilipofukiwa, ili mtakayemtuma kukagua aione.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa kiwanja
(jina la akaunti na namba ya kiwanja vimo kwenye viambatisho)