Kuhusu sindano za penisilini, kabla ya kikao cha Jumamosi

Ndugu wazazi na walezi, salaam.

Baadhi yenu mmeuliza iwapo sindano ya kila wiki 4 ina faida kwa mtoto mwenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi (unaoharibu vali, yaani vilango vya damu ndani ya moyo) ambaye bado haonyeshi dalili. Jibu thabiti limetoka hapa hapa Uganda, kaskazini, ambako watafiti waliwafuatilia kwa miaka 2 watoto na vijana 818 wa umri wa miaka 5 hadi 17, waliogunduliwa mapema kwa picha ya ultrasaundi. Nusu walidungwa, nusu hawakudungwa. Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa 2021 yalionyesha kuwa ugonjwa ulizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa, na asilimia 8.2 ya wengine. Kwa maoni yangu tofauti hiyo haipuuziki, ingawa ifahamike kwamba hata wasiodungwa wengi wao hawakuzidiwa katika muda huo.

Penisilini haitengenezi vali iliyokwisha kuharibika. Huzuia maambukizi mapya ya koo ya bakteria wa streptokoka, ambayo huweza kuichochea kinga ya mwili hadi ikazishambulia vali za moyo wa mtoto mwenyewe.

Utafiti mwingine nchini unalinganisha vidonge na sindano (ambayo, tunajua sote, inauma). Hadi majibu yatoke, tafadhali msibadilishe dawa bila idhini ya daktari. Maswali yaandikwe hapa kabla ya Ijumaa jioni ili niyafikishe kwa muuguzi atakayekuwa nasi.