Malalamiko kuhusu vila ya faragha tuliyouziwa katika Ghuba ya Fethiye, Uturuki

Dar es Salaam,
28 Julai 2025

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Uwakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VILA ISIYO NA FARAGHA TULIYOLIPIA KUPITIA OFISI YENU, 5 HADI 12 JULAI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyelipa dola za Marekani 6,090 kwa usiku saba katika hoteli ya kifahari iliyo kwenye ghuba ndogo kati ya Göcek na Fethiye, mahali ambapo gari halifiki na mgeni hupelekwa kwa boti. Ninaandika kulalamika kwamba kile nilichokilipia, yaani faragha, hatukukipata hata siku moja, na kwamba ofisi yenu ilinithibitishia kuwa kipo bila kuulizia.

Naomba kwanza nieleze kwa nini jambo hili lina uzito kwangu. Mimi na mabinti zangu wawili tunavaa hijabu. Nimekulia Zanzibar, hatua chache kutoka baharini, lakini tangu nilipokuwa mwari bahari nimeiingia na nguo zangu zote au sikuiingia kabisa. Safari hii ilikuwa ya kuadhimisha miaka 25 ya ndoa yetu, na mume wangu aliponiuliza ninataka nini, nilimwambia kitu kimoja tu: bwawa ambalo mimi na wanangu tunaweza kuingia mchana, jua likiwaka, pasipo jicho la mtu wa kando. Ndiyo maana tarehe 14 Aprili, kabla sijalipa hata senti, nilimuuliza ofisa wenu wa mauzo kwa WhatsApp kama kuna mtu yeyote anayeweza kuliona bwawa hilo, awe baharini au awe kwenye nyumba nyingine. Alinijibu ndani ya dakika mbili: "Hapana mama, hapaonekani kabisa, na ufukwe ni wenu peke yenu." Nililipa siku ya pili yake kwa kuliamini jibu hilo.

Tulifika Jumamosi alasiri. Mahali penyewe ni pazuri, na sitapadhulumu kwa kusema vinginevyo: misonobari imeshuka mlimani mpaka ukingoni mwa maji, na maji ni maangavu kiasi cha kuona kivuli cha boti kwenye mchanga wa chini. Lakini vila tuliyopewa ilikuwa ya chini kabisa, bwawa lake limejengwa kuelekea bahari, na upande huo hauna ukuta wala ua isipokuwa kioo kisichozidi kimo cha goti. Saa nne asubuhi ya Jumapili, boti ya kwanza ya watalii wa kutwa iliingia ikatia nanga mbele yetu, umbali nilioukadiria kuwa mita sitini. Ni zile boti kubwa za mbao zinazotoka bandari ya Fethiye kila siku ya kiangazi kuwazungusha watu katika ile inayoitwa safari ya visiwa kumi na viwili. Kufikia saa sita zilikuwa nne, muziki umefunguliwa kwa sauti ya juu na watu wakijirusha majini kutoka sitaha ya juu. Binti yangu mdogo alikuwa bwawani. Alipogeuka akamwona mtu ameinua simu kuelekea kwetu, alijizamisha mpaka kidevuni akabaki hivyo, akiniita nimpelekee buibui. Nilimpelekea, akalivaa humo humo ndani ya maji ndipo akapanda ngazi, nalo likiwa limemganda mwilini. Hakutoka chumbani mpaka magharibi.

Boti zilikuja kila siku na kuondoka baada ya saa kumi alasiri. Katika siku zote tulizokaa, mabinti zangu waliogelea mara mbili, baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijachomoza vizuri. Mimi sikuingia.

Wahudumu wa hoteli walijitahidi, na nawataja kwa wema. Walileta uzio wa matete, vipande vitatu, wakavifunga kwa kamba za plastiki kwenye miguu ya miavuli, kisha wakatuletea chai kwenye istikani kana kwamba wao ndio waliotukosea. Alasiri ulipovuma upepo wa baharini, ambao wenyeji huuita meltem, vipande viwili viliangukia bwawani. Walivifunga tena kesho yake, vikaanguka tena; siku ya tatu niliwaomba waache.

Meneja wa hoteli alinieleza mambo mawili ambayo ofisi yenu ilipaswa kuyajua kabla ya kupokea fedha yangu. La kwanza ni kwamba pwani ya Uturuki ni ya umma: Katiba yao ya mwaka 1982, katika ibara ya 43, imeiweka chini ya mamlaka ya dola, na Sheria ya Pwani ya mwaka 1990 inataka iwe wazi kwa kila mtu. Hoteli haina uwezo wa kuifukuza boti iliyotia nanga ghubani, na kwa hiyo ahadi ya ufukwe wa peke yetu haikuwa na msingi tangu ilipotolewa. La pili ndilo lililoniumiza zaidi. Hoteli hiyo hiyo ina vila tatu juu mlimani ambazo mabwawa yake yamezungushiwa ukuta wa mawe pande zote, mrefu kuliko mtu, kwa ajili ya familia kama yangu, ila ni lazima ziombwe mahsusi. Ombi lililotoka ofisini kwenu, alilonionyesha, lilitaja vila yenye bwawa mbele ya bahari, basi. Tulipofika, zote tatu zilikuwa na wageni.

Kuomba stara si kuomba jambo la ajabu katika nchi ile. Huko Kalkan, pwani hiyo hiyo, zipo nyumba nyingi za kupangisha zinazotangazwa kwa sifa hiyo hasa, kwamba bwawa halionekani kutoka nje, na upande wa Alanya zipo hoteli zenye mabwawa na fukwe za wanawake pekee. Wakala anayeuza Uturuki kwa wateja wa Dar es Salaam na Zanzibar hawezi kuwa mgeni wa mambo haya.

Nilipopiga simu ofisini kwenu tarehe 15 Julai, niliambiwa kwamba vila ya mbele ya bahari ina bei ya juu, hivyo nilipewa kilicho bora. Sikukubali, na bado sikubali. Mimi sikununua mandhari. Niliuliza swali moja, kwa maandishi, na fedha yangu ilifuata jibu lake.

Kwa sababu hizo, ninaomba nirejeshewe dola 2,450, ambazo ni tofauti kati ya dola 870 nilizolipa kwa usiku na dola 520 za chumba cha kawaida katika orodha yenu ya bei, kwa usiku saba. Ninaomba pia maneno "ufukwe wa binafsi" yaondolewe kwenye tangazo lenu la hoteli hiyo, ili mama mwingine asipeleke wanawe huko kwa kuyaamini.

Nimeambatisha nakala ya mazungumzo ya WhatsApp, risiti, na picha nne zilizopigwa kutoka ukingo wa bwawa. Nitasubiri majibu yenu ya maandishi kwa siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Nisipoyapata, nitawasilisha malalamiko haya Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara.

Wenu katika kusubiri majibu,

(Sahihi)
Mteja