Barua kwa wazazi na walezi: kuhusu daftari la insha za Kiingereza

Moshi, Juni

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salamu kutoka shuleni. Tunafunga muhula wa kwanza, na pamoja na ripoti ya maendeleo mtoto wako anarudi na daftari lake la insha za Kiingereza. Wazazi kadhaa waliofika ofisini waliniuliza kwa nini daftari hilo lina makosa ambayo mwalimu hakuyagusa, na kwa nini pembeni mwa kurasa kuna mwandiko wa wanafunzi wengine. Ni maswali ya haki, nami napenda kuyajibu kwa wote.

Zamani tulisahihisha kila kosa kwa kalamu nyekundu. Nami nilisomeshwa hivyo, na sijasahau insha yangu ya kurasa mbili iliyorudishwa ikiwa nyekundu tupu, bila neno hata moja kuhusu kile nilichokuwa nimesimulia. Nilitazama alama, nikalifunga daftari, na makosa yaleyale nikayarudia wiki iliyofuata. Wataalamu wa ufundishaji wa lugha nao wamebishana juu ya jambo hili: mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakuwafaidishi na kuachwe, na mwaka 1999 Dana Ferris akampinga, akitetea masahihisho yaliyo wazi na yaliyochaguliwa kwa uangalifu. Kwa niliyoyaona darasani, naegemea upande wa Ferris.

Kwa hiyo sasa mwalimu huchagua aina moja au mbili za makosa katika kila insha, huyapigia mstari bila kuandika jibu, na mwanafunzi huyatafutia marekebisho mwenyewe kisha huiandika insha upya. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alisimulia jinsi alivyomsindikiza bibi yake kuuza ndizi katika soko la Mbuyuni, na bibi huyo akawa “he”, neno la mwanamume, badala ya “she”, tangu mwanzo hadi mwisho. Huo si uzembe. Kiswahili husema “alikwenda” kwa mwanamume na kwa mwanamke, hivyo mtoto hajazoea kujiuliza swali ambalo Kiingereza humlazimisha kujiuliza kila anapochagua kati ya “he” na “she”. Alipopigiwa mistari hiyo peke yake, aliuona mpangilio wa kosa lake, na katika insha iliyofuata alikosea mara moja tu.

Lakini aliyeiboresha zaidi insha ile ni mwenzake wa dawati, aliyeandika pembeni: “Ndizi ambazo hazikuuzwa mlizipeleka wapi?” Mwandishi alikuwa amelisahau jambo hilo kabisa, na jibu lake likawa aya nzuri kuliko zote. Nakiri kwamba mwanzoni mwa muhula wanafunzi waliandikiana “nzuri sana” tu, na wapo waliolibadilisha neno sahihi likawa kosa. Ndiyo maana sasa mwalimu huwapa maswali ya kuwaongoza, huwataka waulizane kuhusu maana na mtiririko badala ya sarufi, na mwalimu mwenyewe huisoma kila insha baada yao.

Tunalijali jambo hili kwa sababu wengi wa watoto wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari wanakuta Baiolojia na Jiografia zikifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Asiyeweza kupanga aya moja hukwama katika masomo hayo yote, hata kama anayajua.

Likizo hii kila mwanafunzi ataandika insha mbili. Nawaomba kaka na dada zake wasimwandikie, kwa kuwa insha isiyo na kosa lake haimwonyeshi mwalimu pa kumsaidia. Mketishe akusomee, na kama Kiingereza hukifahamu, mwambie akueleze kwa Kiswahili, kisha umuulize jambo ambalo hukulielewa. Swali lako aliandike pembeni, nasi tutaanzia hapo shule itakapofunguliwa Julai.

Wako katika malezi ya watoto wetu,

Mkuu wa Shule